Vitanda vya Mume Wangu Vinatafunwa, na Lori Linakuja Jumamosi

Shangazi wa gazeti, shikamoo. Nakuandikia nikiwa sina hali, na kabla ya yote nakuomba usiniweke mwisho wa foleni, maana jambo langu lina siku yake, na siku yenyewe ni Jumamosi hii.

Mimi ni mke wa mtu, mama wa watoto wawili, na kazi yangu ni ukaguzi kwenye bandari kavu, pale makontena yanaposhushwa kabla mizigo haijaingia mjini. Watu wakisikia hivyo wanadhani mimi ndiye wa kutoza ushuru na wanautazama mkoba wangu kwa jicho la pembeni, kumbe wala, ushuru una wenyewe na ofisi yao ina kiyoyozi, mimi natembea na tochi na bisibisi, nainama chini ya mizigo ya watu nikiangalia zile paleti, mbao zinazobebea mzigo, kwa sababu sheria inataka kila ubao unaotoka nje uwe umepitishwa kwenye joto kali au umefukizwa dawa na ukagongwa muhuri wa kuthibitisha, ili wadudu wa huko walikotoka wasije kuingia kwenye miti yetu. Basi mtu ameleta vigae vyake vizuri, amelipa kila alichoambiwa alipe, na bado namzuia kwa ajili ya ubao, ananifokea mbele ya vibarua, "Mama, mimi nimeleta vigae, wewe unanikagulia kuni?" Nimeshazoea. Ubao usio na muhuri, au wenye muhuri lakini ndani una mdudu hai, naupulizia msalaba wa rangi nyekundu, mzigo unahamishiwa paleti nyingine, na ule wenye rangi unapelekwa kwenye tanuri ukachomwe. Kuchoma si kazi yetu, kuna mkandarasi, na anayelisimamia tanuri lenyewe ni jamaa mmoja mcheshi tunayemwita Majivu.

Sasa nikueleze habari za mume wangu, maana bila yeye mimi nisingekuandikia. Mume wangu ni fundi seremala, fundi kweli, si wa kubabaisha, lakini mbao zilipopanda bei akakaa muda mrefu bila kazi, randa zake zimefungwa kwenye gunia chini ya meza, na Shangazi unajua midomo ya watu, wakawa wanasema yule bwana analishwa na mke, analelewa, wakisema kwa kicheko lakini kwa sauti ya kusikika, naye anacheka nao halafu akifika nyumbani chakula hakishuki. Nilikuwa naumia mpaka nikawa namwekea pesa mfukoni mwa suruali kabla hajaamka ili asilazimike kuniomba. Kisha mafundi wenzake wakamwonyesha kwamba mbao za paleti zinapatikana kwa bei ya kutupa, akaanza na viti vidogo, akaenda kwenye meza, akaingia kwenye vitanda, na Shangazi, yule mtu alibadilika. Akapangisha karakana. Anaamka anapiga mluzi. Siku hizi yeye ndiye anayeniuliza mimi kama nina nauli.

Mama mkwe alipokuja kukaa nasi kwa ajili ya matibabu ya miguu, mume wangu alimtengenezea kitanda kwa mikono yake, kikapigwa msasa na vanishi mpaka unajiona sura, na mama alilia siku ya kwanza kulala juu yake. Haikuchukua muda akaanza kulalamika kwamba kuna kitu kinakula chini yake. Mume wangu akamtania kwamba ni meno yake ya bandia yanatafuna yenyewe kwenye kikombe, tukacheka wote. Lakini mimi ndiye ninayefagia chumba kile, na kila asubuhi nilikuwa nakuta unga wa njano umemwagika chini ya kitanda, laini, nikiufagia leo kesho upo, na nikajitia hamnazo, nikajiambia ni vumbi la msasa halijaisha. Ni vumbi gani la msasa linaloongezeka?

Asubuhi moja mama alipotoka kuota jua nilichukua tochi yangu na bisibisi yangu, nikaingia chini ya kitanda cha mama mkwe kama ninavyoingia chini ya vigae vya watu, nikakuta matundu, nikachokoa tundu moja akatoka buu mnene mweupe mwenye kichwa cha kahawia. Nikamtia kwenye kichupa cha dawa ya kikohozi. Na pale nilipokuwa nimelala chali nikaona kwenye ubao wa ndani, upande ambao vanishi haikufika, kipande cha msalaba mwekundu, na si msalaba wowote tu, ni mkono wangu mimi, maana mimi kopo likikaribia kuisha rangi huwa namalizia na kimkia, wenzangu wananicheka kwa hicho kimkia. Nikatoka chini ya kitanda, nikakificha kichupa ndani ya mkoba wa kazi. Ofisini nilikitoa kichupa kwa siri nikamlinganisha yule buu na picha iliyobandikwa ukutani kwetu, ya mdudu anayeua mti ungali umesimama, na ni yeye, Shangazi, hakuna shaka, ni yuleyule aliyetufanya tuzuie mzigo mzima.

Jioni ile nikamuuliza mume wangu kwa ujanja, kana kwamba nataka tu mazungumzo, mbao zake anazichukua wapi. Akaniambia kwa raha zote kwamba zinatoka kwa Majivu, na kwamba Majivu anazo za aina mbili, zisizo na rangi na zenye rangi nyekundu, na mafundi wote wa mtaa ule wanagombania zenye rangi ingawa Majivu anaziuza ghali zaidi, kwa sababu zile ndizo zilizopita mikononi mwa wakaguzi. Halafu akanishika bega akasema, "Mimi hata anipe bure zisizo na rangi sichukui. Nataka zile mlizozikagua ninyi. Ningekuaibisha vipi?"

Shangazi, sikuweza kufungua mdomo. Mtu amelipa zaidi ili awe mwaminifu, amechagua zile hasa nilizozihukumu kuchomwa, na amefanya hivyo kwa ajili ya heshima yangu. Nikamwambia umefanya vizuri. Ndivyo nilivyosema, umefanya vizuri, nikaenda jikoni nikalia juu ya vitunguu ili watoto wasiulize.

Tangu hapo nimekuwa kama mwizi nyumbani kwangu. Nilinunua dawa ya wadudu nikawa nakipulizia kile kitanda mama akiwa nje, nikidhani nitamaliza jambo kimyakimya, lakini dawa haifiki ndani ya ubao alikojificha mdudu, ilikofika ni kifuani mwa mama mkwe, akaanza kukohoa, na siku aliponibamba na kopo mkononi akamsubiri mwanawe arudi akamwambia kwamba mke wake anampulizia sumu ili amtoe duniani. Mume wangu aliniuliza unafanya nini, nikasema kunguni. Mama mkwe akasema yeye hajawahi kulala na kunguni tangu azaliwe. Sasa ndani hatusemeshani vizuri, mama hali chakula changu mpaka ahakikishe watoto wamekionja, na mume wangu ananiangalia kama mtu asiyemjua.

Na hilo nalo silo linaloninyima usingizi. Linaloninyima usingizi ni kwamba mume wangu amepata kazi kubwa kuliko zote alizowahi kupata, vitanda vya shule ya bweni, ile shule iliyo juu mlimani katikati ya msitu wa mbao, msitu ambao kijiji kizima pale juu kinaishi kwa huo, na sisi huku chini maji tunayokunywa yanatoka humo. Vitanda vimekwisha. Vimepangwa karakana hadi darini na vinang'aa, na Jumamosi lori la shule linakuja kuvichukua. Nilimpelekea chakula cha mchana nikajifanya naegemea, nikaweka sikio kwenye mguu wa kitanda kimoja, kimya, nikahamia kingine, kimya, cha tatu nikasikia krr, krr, krr. Mume wangu akaniuliza kama naumwa sikio.

Nikienda kwa bosi wangu karakana itafungwa na vitanda vitachomwa mbele ya mtaa mzima, na watu watasema mke aliyekuwa akimlisha ndiye huyohuyo aliyemfilisi. Nikinyamaza vile vitanda vinapanda mlimani. Nimewaza kupiga simu ofisini kwetu kwa namba nyingine bila kujitaja, ili mwenzangu afike pale kana kwamba ni bahati mbaya, na mimi nijifanye nashangaa pamoja na mume wangu, na nimeshaandika namba kwenye kiganja mara kadhaa nikaifuta. Pengine nitamwaga unga pia, maana bosi ataniuliza nimejua tangu lini. Lakini kazi itapatikana nyingine, Shangazi, yule mwanamume anayepiga mluzi asubuhi nikimpoteza sijui kama nitampata tena. Nifanye nini?

Mimi mke wa fundi, tumbo joto.

SHANGAZI ANAJIBU

Marahaba, mwanangu. Nimekurusha foleni kama ulivyoomba, na waliokuwa mbele yako wanisamehe, wao wanagombana na wachumba, na wachumba hawapakiwi kwenye lori. Namba uliyoandika chini ya barua nimeipiga mara mbili hukupokea, kwa hiyo nakujibu hapa, gazeti linatoka Alhamisi, na usithubutu kuniambia hukuliona.

Pole. Nalisema mapema kwa sababu huko mbele hakutakuwa na pole nyingi.

Nianze na bibi wa watu. Umeandika barua ndefu, umelia juu ya vitunguu, umesikiliza miguu ya vitanda mpaka umeulizwa kama unaumwa sikio, na kwa muda wote huo mama mkwe wako bado amelala juu ya wale mabuu huku akivuta dawa uliyompulizia. Unashangaa nini akikushuku? Unamkuta mtu na kopo la sumu juu ya mto wako, anakwambia kunguni, wewe ungefanyaje? Mimi ningefungasha siku hiyohiyo. Leo mama ahamie kitandani kwenu, wewe na mumeo mtandike chini, na mpeleke akapimwe kifua kwa sababu ya dawa, si kwa sababu ya mdudu. Na umwombe radhi ukiwa umepiga magoti, na umwambie ukweli wote, kwamba alikuwa sahihi tangu siku ya kwanza na nyote mlimcheka. Wazee wanasamehe mengi wakiambiwa kwamba walikuwa sahihi.

Sasa mumeo. Unasema hukuweza kufungua mdomo kwa kumhurumia. Mimi naona ulimdharau, na ulimdharau kuliko wale wa mtaani. Wao walisema hawezi kulisha nyumba. Wewe umeamua hawezi kubeba habari mbaya. Mtu aliyelipa zaidi ili asikuaibishe, unadhani ni mtu wa kuvunjika akiambiwa ubao una mdudu? Huyo ni mtu wa kukasirika, ndiyo, atakasirika sana, na anayo haki, maana kila siku uliyonyamaza alipiga randa ubao mwingine, akapigilia msumari mwingine, akavipaka vanishi vitanda ambavyo wewe ulijua havifai kutoka. Ungesema jioni ile aliyokushika bega angekuwa ameokoa nusu ya kazi yake. Hiyo nusu ni wewe uliyemharibia, si mdudu, na hilo pia utamwambia kwa mdomo wako kabla hajalihesabu mwenyewe.

Lakini kosa la mbao zenyewe si lake wala si lako, na hapo ushike vizuri. Kuna mtu alilipwa achome akaenda kuuza. Na kuna ofisi yenu. Hivi hiyo rangi nyekundu, nani aliwahi kuwaeleza mafundi maana yake? Mmepaka miaka na miaka mkadhani mji mzima umehudhuria semina zenu. Fundi anaona alama ya serikali juu ya ubao, anauziwa ghali, anasema huu ndio wenyewe, na kusema kweli hata mimi ningesema hivyohivyo. Ukifika kwa bosi wako usiende umeinamisha kichwa kama mtu aliyeshikwa na kuku wa jirani. Nenda na hiyo habari mbele, kwamba mbao mlizozikataa zinauzwa mtaani kwa sababu mlizikataa, na kwamba karakana ya mumeo ni moja tu kati ya zote za mtaa ule. Kuhusu kumwaga unga sikuahidi kitu. Nitakuahidi jambo moja tu, anayekwenda mwenyewe husikilizwa tofauti na anayefuatwa.

Hiyo simu ya kujificha uifute kwenye kiganja na kwenye akili. Umefikiria itakavyokuwa? Mwenzako anaingia karakana na tochi, mumeo anakutazama wewe umsaidie kuelewa, na wewe umeshika mdomo unaigiza mshangao. Utaigiza hivyo kwa muda gani? Mpaka uzeeni? Siku atakayojua, na atajua, maana ofisi zina midomo kuliko mitaa, hatakuuliza tena habari za mbao. Atakuuliza ni mangapi mengine uliyomwigizia, kuanzia pesa ulizokuwa unamtilia kwenye suruali. Ndiyo, alizijua. Hakuna mwanamume asiyejua kilichokuwamo mfukoni mwake alipolala.

Na usinipeleke kwenye hesabu za karakana na msitu kipi kizito. Wewe unajua kuliko mimi. Kila siku unamzuia mtu na vigae vyake kwa sababu ya ubao mmoja, na hutetereki akifoka. Yule naye ana mke, naye ana watu wanaomcheka akifilisika, na hukumwonea haya hata kidogo. Kama sheria ile ni kwa ajili ya mizigo ya wageni tu na si kwa ajili ya karakana ya mumeo, basi mrudishie yule bwana vigae vyake na umwombe radhi.

Kwa hiyo fanya hivi, na ufanye leo, gazeti likiwa bado mkononi. Chukua kile kichupa. Nenda karakana mchana, mwambie azime radio, mkae juu ya mbao mlizonazo hapo, umwonyeshe buu na umwambie ulichokijua na tangu lini. Usianze na sheria, maana akisikia sheria atamsikia mkaguzi, anza na yule buu. Mpe bisibisi achokoe mwenyewe. Ni fundi, akiona tundu na akiona unga ataelewa ubao umefanywa nini haraka kuliko ulivyoelewa wewe, na itamuuma kama fundi, hutahitaji kuongeza neno. Mwache afoke. Mwache atoke nje azunguke arudi. Usimfuate.

Akirudi atakuuliza sasa tufanyeje, na hapo ndipo wanawake wengi wenye kazi za ofisi mnapoharibu, mnatoa simu. Wewe usitoe simu. Anayestahili kumpigia mwalimu mkuu na kusema vitanda haviji, na kwa nini haviji, ni yule aliyevitengeneza. Anayestahili kwenda kwa mafundi wenzake na kuwaambia ile rangi nyekundu maana yake ni nini ni mwenzao, si mkaguzi mwenye kitambulisho shingoni. Watamcheka? Wengine watamcheka. Lakini kesho yake watakuwa wanachungulia chini ya vitanda vya mama zao. Na shule itakapotaka tena vitanda, itamkumbuka fundi aliyekataa kazi yake mwenyewe isitoke, hao si wengi.

Baada ya hapo bosi wako aje na watu wake, nawe uwaambie waziwazi kwamba wewe ni mke hapo, hukagui, unawapisha. Kama kuna ubao unaoweza kuokolewa kwa kupitishwa kwenye joto wao ndio watakaosema. Wakisema vichomwe, mkasimame wote wawili mvitazame vikiungua hadi mwisho, usimwache asimame peke yake hata kama mtaa mzima umekuja kutazama.

Kuna simu mbili za kupigwa, mwanangu, yake kwa mwalimu na yako kwa bosi. Zote zipigwe kabla jua halijazama leo, na yake iwe ya kwanza. Kaa pembeni yake, sikiliza sauti yake ikitetemeka, na umngoje mpaka amalize kuongea. Usimtangulie.